Jina Kapuni wa Kusini: Vitabu Vitano Nilivyosoma na Watu Waliosahauliwa

Mmezoea kuja hapa kutafuta jina kapuni: msanii fulani kaachwa na fulani, bosi fulani kaonekana hoteli fulani, na kule chini mnakesha mkibahatisha ni nani. Leo nawaletea jina kapuni wa zamani. Huyu hana nyimbo wala picha. Alibeba mzigo wa mzungu kutoka Lindi kuelekea Ruvuma, akafia njiani, na kitabu cha historia kikamwandika kwa neno moja tu: "wapagazi". Yaani hata umoja hakupewa, kawekwa kwenye wingi na wenzake.

Mwaka huu nimesoma vitabu vitano vinavyogusa pwani yetu na zama za mababu zetu. Vinne ni riwaya, kimoja ni tamthilia. Mimi si mwalimu wa fasihi, shule niliishia kidato cha nne, kwa hiyo usitegemee maneno ya kwenye mtihani hapa. Nitasema kipi kimenikuna na kipi kimenichosha. Swali langu kwa kila kitabu ni moja: mtu wa Kusini yumo humu kama mtu, au yumo kama mzigo?

Kwanza tuwekane sawa kwenye historia, maana bila hiyo vitabu vyenyewe vitakupita pembeni.

Mwaka 1905, kule Umatumbini, watu walichoka kulimishwa pamba kwa nguvu na Mjerumani. Wakaing'oa. Hiyo ndo Majimaji. Moto ule ukashuka hadi huku kwetu Lindi na Masasi, ukapanda hadi Ungoni, ukafika 1907. Kilichoua watu wengi zaidi hakikuwa risasi, ilikuwa njaa. Mjerumani alichoma maghala na mashamba makusudi, mtu asiwe na cha kula wala cha kupanda. Wapo wanahistoria wanaokadiria waliokufa walikuwa kati ya 250,000 na 300,000. Sasa nitajie majina kumi. Ukijitahidi utamtaja Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa Mohoro Agosti 1905. Kama ni mtu wa Songea utamtaja Nduna Songea Mbano. Baada ya hapo wengi wetu tunaanza kuangalia juu.

Halafu kuna habari ya mdomo wa mto wetu, Ruvuma. Ng'ambo ya kusini kuna sehemu inaitwa Kionga. Mwaka 1894 Mjerumani aliichukua kutoka kwa Mreno. Aprili 1916, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Mreno akairudisha. Fikiria bibi mmoja pale Kionga. Kazaliwa chini ya Mreno, kaolewa chini ya Mjerumani, kazeeka chini ya Mreno tena, na hajahama hata nyumba. Shamba lilelile, mnazi uleule, bendera tatu. Ingekuwa Ulaya wangeshaandika riwaya kumi juu ya huyo bibi.

Vita hiyohiyo ilikuja kumalizia hasira zake Kusini. Mwaka 1916 Mreno alivuka Ruvuma akafika mpaka Newala, halafu akatimuliwa. Oktoba 1917 wakapigana Mahiwa, huko upande wa Lindi, siku kadhaa za kuuana, na wengi waliolala pale ni Waafrika waliovalishwa sare za pande zote mbili. Novemba 25, 1917, jenerali wa Kijerumani Lettow-Vorbeck akavuka Ruvuma na kuingia Msumbiji, akapigana Ngomano siku hiyohiyo. Yeye jina lake lipo kila mahali. Waliombebea risasi, vitanda na masufuria hawapo popote.

Haya, tuje kwenye vitabu.

Cha kwanza ni Peponi cha Abdulrazak Gurnah, yule Mzanzibari aliyepata Nobel mwaka 2021. Kwa Kiingereza kilitoka 1994, na tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis ikatoka 2022 kupitia Mkuki na Nyota. Yusuf ni mtoto wa miaka 12 anayetolewa na baba yake kwa mfanyabiashara Aziz kwa sababu ya deni. Anamwita "ami" mpaka mwenzake Khalil anamfungua macho: huyu si ami yako, wewe umewekwa rehani. Jamani, hapo nilifunga kitabu kwanza nikatoka nje kupunga upepo. Kwa sababu neno lile la ujamaa, ami, mjomba, mkubwa, ndilo tunalofunika nalo mambo mengi hata leo. Mtoto wa kijijini analetwa mjini "kwa mjomba", anafanya kazi za ndani bila mshahara, na kila mtu anasema ni ndugu.

Nilichopenda ni kwamba Gurnah hapambi pwani. Waarabu, Waswahili, Wahindi, wenyeji wa bara, kila mmoja ana utu wake na ubaya wake. Hakuna malaika. Kilichonichosha kidogo ni safari ya msafara kwenda bara. Ni ndefu, na wapagazi ni wengi sana lakini wengi wao ni migongo tu. Wanapiga kelele, wanaumwa, wanakufa, tunasonga mbele. Nikasema aa, hata humu? Lakini nilipofika mwisho, Yusuf anawakimbilia askari wa Mjerumani, nikaelewa kitabu hakijaisha. Kinatuachia swali: sasa huyu kijana vita itampeleka wapi?

Jibu, au tuseme ndugu wa jibu, lipo kwenye kitabu cha pili, Afterlives, cha Gurnah huyohuyo, cha 2020. Hiki nimekisoma kwa Kiingereza, kamusi ikiwa kwenye simu, na kilinichukua karibu miezi miwili. Sijuti. Hamza anajiandikisha uaskari wa Mjerumani kwa hiari yake, halafu anaona alichojiandikishia. Vita inazidi kusukumwa kusini, vijiji vinaporwa chakula, wapagazi wanaanguka, na askari wenyewe hawajui wanapigania nini. Wadau, hii ni habari ya huku. Unasoma kitabu cha mshindi wa Nobel na unasikia vumbi la njia za kwenu.

Lakini aliyenishika si Hamza. Ni Afiya, binti mdogo aliyeachwa kwa ndugu. Kaka yake Ilyas alimfundisha kusoma na kuandika. Mwenye nyumba alipogundua binti anajua kuandika, alimpiga hadi kumvunja mkono. Na kilichomwokoa ni kikaratasi alichoandika kuomba msaada. Nilirudia kurasa zile mara tatu. Maana ndo maneno yote ya leo yamekaa pale: asiyeandika hana wa kumfuata kumtoa.

Halafu mwishoni tunajua Ilyas alikoishia. Sitamaliza utamu wote, ila jueni kwamba anafia kwenye kambi ya mateso ya Hitler. Ukidhani ni uzushi wa mwandishi, subiri. Kuna mtu wa kweli, Mahjub bin Adam Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akaingia vitani akiwa mtoto, akahamia Ujerumani, akaigiza filamu huko akijulikana kama Bayume Mohamed Husen, na akafa kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Tangu 2007 kuna jiwe dogo lenye jina lake kwenye njia ya waenda kwa miguu mjini Berlin. Yaani Berlin wameweka jiwe. Sisi Mahiwa, kwa wabeba mizigo wetu, jiwe lenye majina yao liko wapi?

Maoni yangu ya wazi juu ya Afterlives: ni kizuri kuliko Peponi, ingawa wengi watabisha. Peponi ina lugha tamu zaidi, hata kwa tafsiri. Lakini Afterlives inaturudisha nyumbani. Baada ya vita watu wanapikiana, wanaoana, wanatafuta kazi bandarini na kwenye karakana. Gurnah anasema, kwa vitendo vya watu wake, kwamba kubaki hai ukapenda mtu ni habari kubwa kuliko vita yenyewe. Kosa lake kwangu ni mwisho kwenda mbio. Kurasa nyingi tumekaa uani na Bi Asha, halafu ghafla miaka inaruka kama basi la usiku.

Cha tatu ni The Magic of Saida cha M.G. Vassanji, kilichotoka 2012. Vassanji alizaliwa Nairobi, akakulia Dar, anaishi Canada. Kamal ni daktari huko Canada, mama yake Mwafrika, baba Mhindi, amekulia Kilwa. Anarudi uzeeni kumtafuta Saida, mjukuu wa mshairi Mzee Omari. Nusu ya kwanza ni moto. Kilwa ile ya watoto, tenzi, vizuka vya Wajerumani na kumbukumbu za Majimaji imepikwa ikaiva. Na nilifurahi kuona mshairi wa Kusini amepewa nafasi ya kuwa mwanahistoria, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa kweli. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi mzima wa Vita vya Majimaji. Huku kwetu historia iliimbwa kabla haijafundishwa.

Ila nusu ya pili, mtanisamehe. Mambo ya uganga yanazidi. Kila mwandishi akija Kusini lazima apite kwa mganga? Sisi tunavua, tunabangua korosho, tunakosana na majirani kwa mipaka ya viwanja, tunaoza watoto, tunadaiwa na vikoba. Mganga yupo, sikatai, lakini si kila mlango ukigonga anafungua yeye. Na Saida mwenyewe, ambaye jina lake lipo kwenye jalada, anazungumza kidogo mno. Kamal anamtafuta kitabu kizima, ila sisi wasomaji hatumpati. Yaani hata mwenye jina anaweza kubaki jina kapuni.

Cha nne ni tamthilia, Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1969. Wengi mliisoma darasani mkiwaza mtihani. Irudieni sasa hivi mkiwa hamna mtihani, mtaona ni kitu kingine. Hussein ni mtoto wa Kusini, na alifanya jambo dogo ambalo shuleni tulilipita mbio. Mtu wa historia aliitwa Kinjikitile. Wa kwake kamwita Kinjeketile. Herufi mbili tu kazibadilisha. Ni kama anakwambia: huyu ni wangu, nimemtengeneza, usinishike shati kwamba hakusema hivi.

Na hapo ndo utamu ulipo. Kinjeketile wa kwenye jukwaa ana shaka. Haamini sana maji yake mwenyewe. Mwishoni anatakiwa aseme hadharani kwamba maji yalikuwa uongo, na anakataa, kwa sababu anajua watu wa kesho wataambiwa kwamba hata kupigania haki ulikuwa uongo. Mtu anakufa akilinda neno ambalo yeye mwenyewe ana mashaka nalo! Kitabu cha historia hakiwezi kukupa hicho, kinakupa tarehe ya kunyongwa tu. Nikiwa mkweli, tamthilia hii ndiyo fupi kuliko vyote vitano na ndiyo nzito kuliko vyote. Lawama yangu ni moja: wanawake wamo jikoni na kwenye kilio. Njaa ile ya 1907 nani aliipika? Nani alichimba mizizi ya porini ili watoto walale? Hao ndio jina kapuni wa jina kapuni.

Cha tano kitakushangaza, maana si cha huku. Ni Kuli cha Adam Shafi, cha mwaka 1979, habari ya makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wa 1948. Nimekiweka kwa sababu ndicho kinachonionyesha kwamba inawezekana. Rashidi ni kuli mtoto wa kuli, mtu ambaye kwenye ripoti ya mkoloni angekuwa tarakimu tu. Shafi kampa mama, kampa njaa, kampa hasira, kampa marafiki. Mgomo ule ulitokea kweli, Rashidi katungwa, na leo kijana wa Mtwara anamjua Rashidi kuliko anavyomjua kiongozi yeyote wa mgomo wenyewe. Ndiyo, kuna mahali watu wanahutubiana sana, utadhani uko kwenye mkutano wa chama. Vumilia. Ukifika mwisho, huwezi tena kupita bandarini ukamwangalia mbeba magunia kama sehemu ya gunia.

Sasa nikavipanga vitano mezani nikajiuliza: kwa nini watu wa Unguja wana Kuli, na sisi wenye bandari ya Mtwara hatuna yetu? Si kwamba hatuna stori. Bandari hii na reli ya kwenda Nachingwea zilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Mwingereza, ulioanza 1947 ukafa 1951. Karanga zikagoma kuota, reli ikaja kung'olewa miaka ya mwanzo ya uhuru. Kuna vijana waliopanga mataruma yale kwa mikono, na baadaye wakaangalia yanang'olewa. Hiyo peke yake ni riwaya.

Septemba 25, 1964, FRELIMO wakaanza vita ya kumtoa Mreno Msumbiji. Watu wakavuka Ruvuma kwa mitumbwi usiku, Wamakonde wakipokelewa na Wamakonde wenzao, mpaka uhuru wa Juni 25, 1975. Wako waliozaliwa kwenye safari hizo, na leo ni babu na bibi zetu mitaani. Kisha Oktoba 2020 wenye silaha wakavuka mto huohuo wakashambulia kijiji cha Kitaya, na Machi 2021 ikafuata Palma, ng'ambo. Mto umeendelea kupitisha watu waliobeba godoro kichwani, karne baada ya karne, na kila mara taarifa inasema "wananchi kadhaa". Kadhaa ni jina la nani?

Angalieni jambo moja la kuchekesha ambalo halichekeshi. Kariakoo, soko kubwa kuliko yote Dar, jina lake limetokana na kikosi cha wapagazi wa Mwingereza wa vita ile ya 1914 hadi 1918. Wapagazi wenyewe wamesahaulika, kimebaki kiwanja. Na "machinga", neno tunalomwita kila kijana mwenye bidhaa mkononi, linahusishwa na Wamachinga, watu wa Lindi. Kwa hiyo leo kitukuu cha mpagazi wa Kusini anaitwa kwa jina la kabila la Kusini, anauza soksi mahali palipopewa jina la wapagazi, na hajui hata moja kati ya hayo. Majina yetu yamebaki, sisi tumetolewa ndani yake.

Ndo maana nasema riwaya si anasa ya watu wenye digrii. Kumbukumbu za serikali zilimhesabu mpagazi kama zilivyohesabu nyumbu, wangapi wameingia, wangapi wamekufa. Pengo hilo mwanahistoria haruhusiwi kulijaza kwa kubuni, na ni sawa, ndiyo kazi yake. Mtunzi anaruhusiwa. Hussein kabadilisha herufi mbili akatupa mtu mzima. Gurnah kamchukua askari mmoja kutoka kwenye safu akamuuliza anaumwa wapi. Ila mtunzi naye anahitaji punje ya kuanzia: jina, kijiji, wimbo, kovu mguuni. Punje hizo ziko kwa wazee wetu, Mikindani, Msimbati, Kilambo, Newala, na kila msiba tunaozika tunazizika pia. Anayekumbuka kusimuliwa na baba yake habari za vita ya Mjerumani sasa ana miaka 80 na kitu. Hana miaka mingine 20 ya kutusubiri tumalize kuangalia video.

Nikipanga kwa kupenda kwangu: Kinjeketile, Afterlives, Kuli, Peponi, halafu The Magic of Saida. Ukibisha bisha, lakini uwe umesoma.

Na safari hii maoni yenu nayataka tofauti. Msibahatishe jina kapuni ni nani. Nendeni kwa bibi au babu leo jioni, muulizeni swali moja: nani katika ukoo wetu alibebeshwa mzigo, alikimbia njaa, alivuka mto? Andikeni hapo chini jina lake, kijiji chake na kitu kimoja anachokumbukwa nacho, hata kama ni kwamba alikuwa anapenda ugoro. Walio hai waacheni, hao wana siri zao. Tuwatoe kapuni waliotangulia. Nitasoma kila jina.